Ngano ya Njoro, Chapati ya Krismasi

Ukitoka mjini Nakuru kuelekea Njoro, safari ya kama kilomita 20, hukosi kuona ngano. Msimu ukiwa mzuri inasimama mpaka kando ya barabara, kijani kwanza, kisha rangi ya dhahabu. Sasa muulize mtu yeyote aliyelelewa Bahati, Molo, Subukia au Kaptembwo miaka ya sabini na themanini: kwenu chapati zilipikwa lini? Wengi watakujibu bila kufikiri: Krismasi. Labda na Pasaka, labda na siku mgeni wa maana alipotembea. Siku zingine zote ilikuwa ugali na sukuma, githeri, viazi, uji asubuhi.

Jambo hili tumelizoea mpaka hatulioni. Ngano ilikuwa inamea hapo jirani kwa zaidi ya miaka 60. Watu walipita kandokando ya mashamba hayo wakienda shule, na wengine ndio walioajiriwa kuyavuna. Iliwezekanaje basi unga wake uingie nyumbani kwao mara moja kwa mwaka, kama sikukuu yenyewe?

Tukitafuta jibu kwenye vitabu vya mapishi hatutalipata. Inabidi tupitie ardhi, reli, mishahara na bei ya pakiti ya unga, ndipo turudi jikoni.

Bonde la maziwa

Nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Nairobi, kuna kilima cha Hyrax Hill. Mwaka wa 1937 Mary Leakey alianza kuchimba hapo, akakuta dalili za watu walioishi katika vipindi mbalimbali, tangu enzi za zana za mawe. Mpaka leo mgeni anaonyeshwa mabonde madogo ya duara ardhini, ambayo wataalamu huyaita mashimo ya Sirikwa. Hapo mifugo ililazwa usiku. Kabla ya kuwa bonde la unga, hili lilikuwa bonde la maziwa.

Wamaasai waliochunga kati ya Naivasha na Nakuru waliishi kwa mifugo: maziwa, nyama, na damu katika nyakati maalum. Waogiek wa msitu wa Mau walikuwa na asali na nyama ya mwituni. Kwa jamii za Wakalenjin, nafaka ya nyumbani ilikuwa wimbi na mtama. Kimyet, yaani ugali, ulikuwa mweusi wa wimbi, na kando yake mursik, maziwa yaliyoachwa yagande ndani ya kibuyu cha sotet kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Hayo makaa yalisafisha kibuyu, yakatia harufu na ladha, na maziwa yakakaa siku nyingi bila kuharibika. Mtu aliyeyatengeneza alijua kuhifadhi chakula muda mrefu kabla ya friji kufika mtaani.

Mahindi je? Yaliletwa Pwani na Wareno kutoka Amerika kuanzia karne ya 16, na yakapenya bara polepole, ya rangi tofauti tofauti, kama zao moja kati ya mengi. Ugali mweupe wa kila jioni, ule tunaoapa kwamba ni chakula cha mababu, babu wa babu yako katika eneo hili huenda hakuujua kabisa.

Mwaka wa 1904 serikali ya Kiingereza ilitia sahihi mkataba na viongozi wa Wamaasai. Wakatolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili, wa kuwaondoa hata huko Laikipia. Waliacha majina: Nakuru, Njoro, Elementaita. Malisho yakawa mashamba ya watu wengine, na tangu hapo chakula cha bonde hili kikaanza kuamuliwa na mwenye cheti cha ardhi.

Reli na unga wa Punjab

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Ulifika Nairobi mwaka wa 1899, ukateremka Bonde la Ufa, ukapita Naivasha na Nakuru, na Desemba 1901 ukafika Kisumu. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, nchi ya ngano. Kazi ilipoisha wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wafanyabiashara kutoka Gujarati wakafuata njia hiyo hiyo wakifungua maduka karibu na kila stesheni.

Ndiyo njia ambayo chapati iliingia bara. Jina lake tulilichukua vile vile, pamoja na masala, bajia na biriani. Lakini tulichokiita chapati ni kitu kingine kidogo. Kule India chapati ya kila siku ni nyembamba, ya unga na maji tu, inachomwa kwenye bamba kavu. Ile yenye mafuta ndani na matabaka yanayochambuka huitwa paratha. Mkenya alichukua jina la ya kwanza akalibandika kwa ya pili. Ukifikiria, ina maana. Mtu anayepika ngano mara moja kwa mwaka hatapika ile kavu ya kila siku. Atapika yenye mafuta.

Ila kwa miaka mingi ya mwanzo, chapati ilikuwa chakula cha mtu mwingine. Kibarua aliipita dukani na stesheni, akainusa, akaenda zake. Mshahara wake haukuruhusu.

Kampuni iliyozaliwa Njoro

Mwaka wa 1903 mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Alianza na kondoo na ng'ombe. Wakafa kwa wingi. Baadaye wataalamu waligundua kwamba udongo wa sehemu hizo una upungufu wa madini ya kobalti, na mnyama anayelishwa hapo tu hudhoofika mpaka anakufa. Ugonjwa huo uliandikwa katika vitabu vya mifugo kwa jina la mji wetu: Nakuruitis.

Mifugo ilipomshinda, Delamere akageukia ngano. Nayo ikashambuliwa na kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu unaoacha vumbi jekundu kwenye mmea na kuifanya punje isinyae. Akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, ili apatikane mzao unaoweza kustahimili. Hata kabla vita hivyo havijaisha, mwaka wa 1908, alianzisha kampuni ya kusaga na akaipa jina la Kiswahili: Unga Limited. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wazao wake wanakuuzia EXE na Jogoo leo. Pakiti iliyoko kwenye kabati yenu ina ukoo unaorudi Njoro, miaka 55 kabla ya uhuru.

Vitu vingine vikafuata. Mwaka wa 1923 kikaundwa chama cha wakulima walowezi, Kenya Farmers' Association, makao yake Nakuru. Ndiyo KFA ambayo makanga bado wanaitaja mjini kana kwamba ni jina la mahali tangu zamani. Mwaka wa 1925 ikaja KCC, na kiwanda chake cha siagi Naivasha. Mwaka wa 1927 serikali ikafungua kituo cha kuzalisha mbegu Njoro, hasa kwa sababu ya ile kutu. Kufikia hapo bonde lilikuwa na kila kitu cha kuokea keki: ngano, maziwa, siagi, mayai. Swali lilikuwa ni nani aliyeila.

Posho

Mashamba hayo yalihitaji mikono. Familia nyingi, hasa za Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, zilihamia huko kutafuta malisho na mahali pa kulima. Waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 iliweka masharti: mwanamume akaapo shambani kwa mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo apate kipande cha kulima na ruhusa ya kufuga. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau kilichotoka mwaka wa 1987, ameeleza kwa kina jinsi familia hizo zilivyoishi Nakuru na Naivasha, na jinsi masharti yalivyozidi kukazwa. Sheria ya mwaka wa 1937 iliwapa walowezi nguvu ya kuongeza siku za kazi hadi 270 na kupunguza mifugo ya maskwota.

Hebu tuitazame sheria hiyo kutoka jikoni. Ng'ombe wakipunguzwa, maziwa ya uji yanapungua. Siku za kazi zikiongezwa, anayebaki na kipande ni mama na watoto. Kwa hivyo kipande kinapandwa vitu vinavyojaza sufuria bila gharama: mahindi, maharagwe, viazi, malenge. Githeri ilifaa hapo. Mahindi na maharagwe yanawekwa motoni, kuni inasukumwa, mama anaendelea na shughuli zake, na baada ya saa kadhaa kuna chakula cha watu kumi.

Kwa kibarua aliyeishi peke yake kwenye kambi za shamba, githeri ilikuwa anasa ya muda. Yeye alipewa posho. Maana ya neno hilo ni fungu la chakula analogawiwa mfanyakazi, na fungu lenyewe lilikuwa unga wa mahindi, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, yaani karibu gramu 900. Unga ulikuwa rahisi kupima, rahisi kusafirisha, na unaiva haraka: maji yakichemka, dakika 15 tu ugali uko tayari na mtu anarudi kazini. Mahindi yenyewe yakawa meupe, kwa sababu mbegu za walowezi zilitoka Afrika Kusini na wanunuzi wa ng'ambo, wakiwemo watengenezaji wa wanga Uingereza, walitaka meupe. Rangi ya ugali wako iliamuliwa na watu ambao hawakuwahi kuuonja.

Ushahidi uko mtaani mpaka leo. Nenda Rhonda, nenda Kaptembwo, nenda Free Area, kila mtaa una posho mill yake. Jina la mgao wa kibarua tumelipachika kwenye mashine ya kusagia mahindi yetu wenyewe, na hakuna anayeshtuka.

Je, ngano? Ngano ilipikwa kwenye nyumba kubwa. Mpishi mle ndani mara nyingi alikuwa mwanamume Mwafrika, akisimama mbele ya jiko la chuma la kuni, akioka mkate, skonzi na keki ambazo familia yake haikuzipata. Alijua joto la kuokea kwa kuingiza mkono, alijua unga uliokandwa vizuri kwa kuubonyeza kidole. Ujuzi huo hakuuacha kwa mwajiri. Aliondoka nao jioni, ukangoja siku ya kutumika.

Keki nayo haikutufikia bila siasa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na katika miezi iliyofuata Wakikuyu kwa maelfu walifukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Mwaka huo huo wa 1952 ndipo Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa. Vilabu vyake vilifundisha kina mama upishi, kuoka, kushona na usafi wa watoto, na wakati huo huo serikali ilivitumia kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Wanawake wengi walichukua somo na kuachana na mahubiri. Mapishi hayaulizi nani aliyekufundisha.

Ekari mbili na jiko la makaa

Mwaka wa 1962 ulianza mpango wa kununua ekari milioni moja za walowezi na kuwagawia Waafrika. Miaka ya sabini kampuni za kununua ardhi, kama Ngwataniro hapa Nakuru, zilikusanya hisa kutoka kwa wakulima wadogo na vibarua, zikanunua mashamba makubwa na kuyakata vipande. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo siku walipolala kwa mara ya kwanza mahali ambapo hakuna mtu angewafukuza. Walidhani hivyo, angalau.

Sasa linganisha kipande cha ekari mbili na ngano. Ngano inadai trekta, mashine ya kuvunia, dawa ya kutu na eneo kubwa la kulipia gharama hizo. Kwenye ekari mbili unapanda mahindi, na baada ya mwaka wa 1964, kituo cha Kitale kilipotoa mbegu chotara ya 611, mahindi yalizaa kuliko zamani. Unaongeza maharagwe, viazi, kabichi, ng'ombe mmoja wa gredi. Ngano ilibaki kwenye mashamba makubwa ya Njoro, Mau Narok na Narok. Kwa hivyo uhuru uliipa familia mahindi yake, viazi vyake na maziwa yake, lakini unga wa ngano ukaendelea kuwa kitu cha kununua dukani kwa pesa taslimu. Na pesa taslimu, kwa mkulima mdogo, ilionekana mara chache: malipo ya pareto, malipo ya maziwa, mshahara wa mtoto aliye mjini anayerudi Desemba.

Hilo ndilo jibu la swali letu. Chapati ilikuwa ya Krismasi kwa sababu Desemba ndiyo mwezi pesa na watu walikuwa nyumbani kwa pamoja.

Watu ni muhimu, maana chapati ni kazi. Unga unamwagiwa maji ya vuguvugu, chumvi, sukari kidogo, mafuta, na unakandwa mpaka uache kushika mikono. Wengine hutia malenge au karoti iliyopondwa. Unafunikwa ulale, kwa sababu unga uliotoka tu kukandwa unakaza, ukiusukuma unajirudi. Ukishalegea, unakatwa madonge. Kila donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa kama kamba, linaviringwa kama konokono, linalala tena, halafu linasukumwa mara ya mwisho. Hapo ndipo matabaka yanapopatikana. Pakiti ya kilo 2 inatoa chapati kama 20. Nyumba ya watu kumi, na majirani, na binamu waliofika na matatu ya jioni, inahitaji pakiti tatu. Basi mmoja anakanda, mmoja anasukuma, kwa chupa ya soda kama kifimbo hakipo, mmoja anakaa kwenye kikaango na macho yanawasha moshi. Zikiiva zinapangwa, zinafungwa kwa kitambaa. Watoto wanajua kuzihesabu.

Keki nayo ilipata oveni ya kienyeji. Keki inataka joto la juu na la chini, jiko la makaa lina la chini tu. Kina mama wakatatua: makaa machache chini, mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga ili isiungue, mfuniko, halafu makaa mengine juu ya mfuniko. Miaka ya themanini lilipoenea jiko lenye udongo ndani, linalotunza joto na kula makaa kidogo, kazi hiyo ikawa nafuu zaidi. Siagi, yaani Blue Band, sukari, mayai ya kuku wa nyumbani, unga. Ujuzi wa mpishi wa nyumba kubwa na wa kilabu cha Maendeleo ulikutana hapo, juu ya mawe matatu au kando ya jiko la bati.

Chapo ya Jumanne

Kwa muda mrefu serikali ilisimamia bei za mahindi na unga, na hukuruhusiwa kuvusha magunia ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Miaka ya mwanzo ya tisini vikwazo hivyo viliondolewa, na mahindi yakaachiwa soko kabisa mwaka wa 1993. Ngano ya nje nayo ikaingia kwa wingi. Wasagaji wakaongezeka, pakiti zikapungua ukubwa, na mtu mwenye shilingi chache akaweza kununua unga wa kutosha siku moja.

Hapo ndipo chapati ilipotoka Desemba. Mama wa kibanda aliiona nafasi kabla ya mtu yeyote. Kazi inayohitaji mikono mitatu nyumbani, yeye akaifanya peke yake saa kumi na moja alfajiri, akauza moja moja. Chapo na madondo, chapo na ndengu, chapo na chai ya mkono mmoja huku unakimbilia matatu. Kwa mwanafunzi wa Egerton, Njoro, au fundi wa Industrial Area, chapati ikawa chakula cha Jumanne. Nyumbani nako zikaanza kupikwa Jumapili, halafu siku yoyote mtu akizitamani. Sikukuu ikajaa kwenye wiki ya kawaida, na kizazi chetu kikakua kikidhani imekuwa hivyo siku zote.

Lakini kilichopatikana kwa bei kinaweza kupotea kwa bei, na kilichopatikana kwa ardhi kinaweza kupotea kwa ardhi. Januari 2008, baada ya uchaguzi, maelfu ya watu wa bonde hili, wa jamii tofauti, walijikuta wamelala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Watu waliokuwa na mahindi ghalani na ng'ombe zizini walipanga foleni wakipimiwa mahindi, maharagwe na mafuta. Baada ya vizazi vitatu, mgao ulikuwa umerudi. Aliyepoteza jiko lake hapo alipoteza pia haki ya kuamua watoto wale nini jioni, na ni vigumu kueleza uzito wa jambo hilo kwa mtu ambaye hajawahi kupimiwa chakula.

Ngano yenyewe imeendelea kupigana vita vyake vya kale. Mwaka wa 1998 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, ikaitwa Ug99, na ndani ya miaka michache ilikuwa imeingia Kenya. Ilishinda mbegu nyingi zilizokuwa zikitegemewa duniani. Wanasayansi kutoka nchi nyingi wakaanza kuleta mbegu zao Njoro, kwenye kituo kile kile cha mwaka wa 1927, zipandwe katikati ya ugonjwa wenyewe na ionekane ni ipi itakayosalia. Mkate wa nchi za mbali unapimwa hapa kwetu, kilomita 20 kutoka KFA.

Hata hivyo, ngano tunayolima haitutoshi, wala haikaribii. Sehemu kubwa ya tunayokula inatoka nje, na kwa miaka mingi Urusi na Ukraine zimekuwa kati ya wauzaji wakubwa. Vita vilipoanza huko Februari 2022, mama wa kibanda Nakuru aliviona kwenye pakiti. Chapati yake ikawa nyembamba kwanza, kisha ndogo, kisha bei ikapanda. Mwaka huo huo kilo 2 za unga wa ugali zilipita shilingi 200, mpaka serikali ikatangaza ruzuku Julai, wiki chache kabla ya uchaguzi, ili ziuzwe kwa 100.

Mwaka wa 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Pendekezo hilo la mkate liliondolewa tarehe 18 Juni, kelele zilipozidi, na tarehe 26 Juni Rais akakataa kutia sahihi mswada mzima, vijana wakiwa tayari wameandamana mijini, Nakuru ikiwemo, na wengine wakiwa wameuawa. Kulikuwa na watu wazima waliouliza kwa kejeli: mnaandamana kwa ajili ya mkate? Ndiyo. Historia yote hii inaonyesha kwamba mkate haukuwahi kuwa jambo dogo katika bonde hili. Kizazi cha nyanya zetu kilipimiwa unga. Cha mama zetu kiliungoja Desemba. Sisi ndio wa kwanza kuununua siku ya kawaida bila kuomba ruhusa ya mtu, na tulijua mara moja ni kitu gani kilikuwa kinaguswa.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Imejaa maduka ya keki, watu wanaokanda unga huku wakijirekodi kwa simu, vijana waliohamia chumba kimoja na meko ya gesi na kikaango kimoja kinachofanya kila kazi. Ni vizuri. Kati ya chakula chote walichopika watu wa mji huu kwa miaka 120, ni kidogo sana kilichochaguliwa na mpishi mwenyewe.

Ukienda nyumbani mwezi huu, waulize wakubwa swali moja: kwetu chapati zilianza kupikwa siku za kawaida mwaka gani? Watabishana kidogo. Mmoja atataja mwaka baba alipopandishwa cheo, mwingine mwaka shamba lilipouzwa, mwingine mwaka dada alipoanza kutuma pesa kutoka Nairobi. Waache wabishane, ukiwa unasukuma. Hiyo ndiyo historia ya familia yenu, na hakuna mahali pengine ilipoandikwa.